Kambi za uhandisi za Marekani: daraja la tambi halitoshi

Ikifika Juni, mabweni mengi ya vyuo vikuu vya Marekani hubaki matupu. Wanafunzi wamefunga, maabara zimetulia, wahadhiri wako kwenye tafiti zao. Ndipo wanapoingia wageni wa umri wa miaka 14 hadi 18, kila mmoja na begi kubwa kuliko yeye, kwa kambi ya wiki moja, mbili, au hata nne. Wanalala chuoni, wanakula kwenye mgahawa wa chuo, na mchana kutwa wanafundishwa jinsi barabara, madaraja, viwanja vya ndege, reli na mabomba ya maji yanavyojengwa. Lengo linasemwa wazi: kumfanya kijana wa sekondari aupende uhandisi wa miundombinu kabla hajachagua cha kusomea.

Programu inayojulikana zaidi katika kundi hili ni National Summer Transportation Institute. Fedha zake zinatoka serikali kuu, kwenye mamlaka ya barabara kuu (FHWA), zinapitia idara za usafirishaji za majimbo hadi kwenye vyuo vinavyoandaa. Mwanafunzi halipi ada. Mbali na hiyo zipo kambi nyingi zinazoendeshwa na vyuo vyenyewe, ambazo mzazi huingia mfukoni, na bei zake nyingine ukizibadilisha kuwa shilingi unaweza kukaa chini kwanza.

Nimekuwa msaidizi kwenye kambi mbili za namna hii nilipokuwa nasoma uzamili huko. Vyuo sivitaji, kwa sababu ninachotaka kukosoa si kambi fulani. Ni fomula. Nimesoma ratiba za kambi nyingi zilizowekwa hadharani, na ukizipanga mezani unaona ni ratiba moja yenye nembo tofauti: siku ya kwanza kufahamiana, halafu mihadhara mifupi, ziara ya eneo la ujenzi huku kila mtu kavaa kofia ngumu na reflekta, halafu mashindano ya daraja. Daraja la tambi, au la vijiti vya aiskrimu, au la mbao nyepesi za balsa. Siku ya mwisho wazazi wanakuja, madaraja yanawekewa mzigo mpaka yavunjike, watu wanapiga makofi, vyeti vinatolewa, kambi imekwisha.

Nianze na yaliyo mazuri, na si kwa adabu tu. Kulala pale pale chuoni kuna faida ambayo semina ya siku moja haiwezi kutoa. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu anakaa wiki mbili humo ndani, anajua maabara ziko wapi, anagundua kwamba mwanafunzi wa uzamili ni mtu wa kawaida anayechelewa kuamka. Hilo linaondoa woga. Na baadhi ya vipindi ni vizuri sana. Kile nilichokipenda kuliko vyote ni cha zege. Vijana wanachanganya saruji, mchanga, kokoto na maji wenyewe siku ya kwanza, wanajaza kwenye vikopo vya silinda, wanaviweka kwenye maji. Baada ya siku 7 wanavipeleka kwenye mashine ya kuvunja. Waliozidisha maji ili mchanganyiko uwe rahisi kukoroga wanaona kwa macho yao silinda yao ikivunjika mapema kuliko za wenzao.

Na hapo kuna swali zuri linalozaliwa lenyewe. Viwango vya ujenzi hupima nguvu ya zege ikiwa na umri wa siku 28. Kwa siku 7, zege la saruji ya kawaida huwa limefikia kama asilimia 65 hadi 70 ya nguvu hiyo. Yaani kambi ya wiki mbili inakwisha kabla zege la wanakambi halijakomaa. Mwalimu makini angeishika hiyo na kuigeuza somo: miundombinu ina saa yake, na saa hiyo haifuati ratiba yako. Sikuwahi kumsikia yeyote akilisema hilo. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama fomula nzima kwa jicho jingine.

Sasa tuje kwenye tambi.

Tambi kavu ni kifaa kizuri cha kufundishia kuliko inavyoonekana. Ni rahisi kupatikana, na ni dhaifu kiasi kwamba makosa yako yanajitokeza bila kuhitaji mashine kubwa. Chukua tambi moja uivute kwa kunyoosha, inastahimili vizuri. Ichukue hiyo hiyo, isimamishe mezani, bonyeza juu kwa kidole. Inajikunja kama upinde kisha inakatika, kwa nguvu ndogo mno. Hajaisaga mtu, haijapondeka. Imekimbia mzigo pembeni. Mwanahisabati Leonhard Euler aliliandikia jambo hili hesabu katika karne ya 18, na matokeo yake bado yanatumika kila siku: ukiongeza urefu wa nguzo nyembamba mara mbili, mzigo unaoifanya ijikunje unashuka hadi robo. Ukiongeza mara tatu, unashuka hadi moja ya tisa. Kwa hiyo kijana anayevunja tambi kuwa vipande vifupi na kuziunganisha kwa pembetatu, kama fundi anavyofunga kenchi za paa, anafanya uhandisi halisi hata kama hajui jina lake.

Kuna jambo jingine tamu zaidi. Funga tambi saba pamoja, moja katikati na sita kuizunguka. Kama zimelala tu bila gundi, kifurushi kinabeba mara saba ya tambi moja kabla ya kujikunja. Lakini zikigandishwa kwa gundi kabisa, zikawa kitu kimoja, hesabu inatoa mara 55. Tambi ni zile zile saba. Tofauti imetoka kwenye gundi, kwa sababu sasa tambi za nje haziwezi kuteleza juu ya za ndani, na kadiri kitu kinavyokuwa mbali na mhimili wa katikati ndivyo kinavyozuia kujikunja. (Ukiwa na karatasi jaribu mwenyewe: ugumu wa duara moja, jumlisha eneo mara umbali kwa kipeo cha pili. Inatoka 55 bila kubaki.) Kwa vitendo gundi yako haitakuwa kamili kiasi hicho, lakini hata nusu yake inashangaza darasa.

Hii ni fizikia ya kweli na naitetea. Tatizo langu linaanza mezani pa majaji.

Kwenye mashindano mengi ya aina hii alama hutolewa kwa kugawanya: mzigo uliobebwa mpaka kuvunjika, gawanya kwa uzito wa daraja lenyewe. Daraja la gramu 200 lililobeba kilo 20 linapata 100. La gramu 400 lililobeba kilo 30 linapata 75, linashindwa, ingawa limebeba zaidi. Hoja ya kanuni hii inaeleweka: inafundisha kutopoteza malighafi. Lakini angalia inachofanya kichwani mwa kijana mwerevu. Usiku wa kuamkia mashindano anakaa na kikundi chake wakitafuta tambi isiyofanya kazi. Wanaikata. Wanatafuta nyingine. Kila kipande ambacho daraja linaweza kusimama bila hicho ni uzito wa bure unaowashushia alama. Mwisho wanabaki na daraja ambalo kila kipande ni cha lazima, na kimoja kikienda, vyote vinakwenda.

Hilo daraja lina jina baya katika historia ya fani yetu.

Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, wakati wa foleni ya kurudi nyumbani, Silver Bridge iliyovuka mto Ohio pale Point Pleasant, West Virginia, ilianguka yote mtoni. Watu 46 walikufa. Ilikuwa imefunguliwa mwaka 1928, na badala ya kuning'inizwa kwa kamba nene ya waya nyingi, ilining'inizwa kwa mnyororo wa vyuma virefu vyenye tundu kila mwisho. Kila kiungo cha mnyororo kilikuwa na vyuma viwili tu. Chuma kimoja kilikuwa na ufa ndani ya tundu, wenye kina cha milimita 2.5 hivi, mahali ambapo jicho lisingeufikia bila kulifungua daraja. Ufa ulikua polepole kwa kutu na mkazo, kikakatika, na mwenzake hakuweza kubeba peke yake. Hapakuwa na njia ya pili ya mzigo kupita. Vyuma viwili kwa kiungo ni uchumi mzuri. Kwenye meza ya mashindano ya kambi, Silver Bridge ingepata alama nzuri sana.

Ajali ile ndiyo iliyoifanya Marekani iweke sheria ya kukagua madaraja nchi nzima. Viwango vya kitaifa vya ukaguzi vilianza kutumika mwaka 1971, na kwa kawaida daraja hukaguliwa kila baada ya miezi 24. Mtu angetegemea kambi inayofadhiliwa na mamlaka ileile ya serikali inayosimamia ukaguzi huo ianze na hadithi hii. Kwenye zile mbili nilizofanya kazi, Silver Bridge haikutajwa. Tacoma Narrows ilitajwa, maana ile video ya mwaka 1940 ya daraja likicheza kwa upepo kila mtu anaipenda. Kwa haki, video ni nzuri. Lakini ilichofundisha ni kwamba madaraja huanguka kwa maajabu.

Tukio la pili liko karibu zaidi na sisi. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis lilianguka kwenye mto Mississippi wakati wa msongamano wa jioni. Walikufa watu 13 na 145 wakajeruhiwa. Lilikuwa daraja la kenchi za chuma, jamaa wa karibu kabisa wa madaraja ya tambi. Uchunguzi ulionyesha kwamba boriti hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mabamba ya kwenye maungio, pale boriti zinapokutana: baadhi yalikuwa na unene wa kama nusu ya unaotakiwa, kosa lililofanywa tangu michoro ya miaka ya 1960. Miaka 40 daraja lilivumilia. Halafu uzito wa lami na zege uliongezwa kwenye matengenezo ya miaka iliyopita, na siku ile kulikuwa na mafungu ya mchanga, kokoto na mitambo ya ukarabati juu yake.

Yeyote aliyewahi kujenga daraja la tambi anajua huvunjikia wapi. Kwenye gundi, kwenye maungio. Karibu kila mara! Na kila mara nilisikia maneno yale yale kutoka kwa vijana na hata kwa wasimamizi: "Aa, ni gundi tu, daraja lenyewe lilikuwa zuri." Hapana. Maungio ndiyo daraja. Fursa ya kulisema hilo, na kuwaonyesha picha za mabamba ya I-35W yaliyopinda, ilikuwa mezani pamoja na vipande vya tambi. Tulifagia vyote tukatupa.

Kuna programu ya kompyuta ambayo baadhi ya kambi huitumia badala ya tambi au pamoja nayo, na ni lazima niitendee haki. Inaitwa West Point Bridge Designer, iliandikwa na Stephen Ressler, mwalimu wa uhandisi kwenye chuo cha jeshi cha West Point, ikatolewa bure. Unachora kenchi zako, unachagua chuma na unene, halafu lori linapita juu ya daraja. Vipande vinavyogandamizwa vinageuka vyekundu, vinavyovutwa vinageuka bluu, rangi ikikolea kadiri mzigo unavyozidi. Mshindi ni mwenye daraja la bei ndogo lisiloanguka. Ukinilazimisha nichague, nachagua hii. Daraja linatakiwa lisimame chini ya mzigo unaojulikana, na ndani yake kuna nafasi ya usalama kama kwenye viwango halisi. Hakuna anayepewa sifa kwa kuvunjika. Lakini nayo lori linapita mara moja, siku ya kwanza, juu ya chuma kipya. Hakuna kutu. Hakuna mwaka wa ishirini.

Na mwaka wa ishirini ndio kazi yenyewe. Chukua barabara yenye malori 10,000 kwa siku, si nyingi kwa barabara kuu. Kwa mwaka ni mizigo milioni 3.65. Chuma kinachobeba tani fulani mara moja bila shida kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo zaidi ukirudiwa mamilioni ya mara, kama waya unaoukunja huku na huku mpaka ukatike mkononi. Wahandisi wanaita uchovu wa chuma. Onyesho lake linahitaji klipu ya karatasi na dakika mbili. Halimo kwenye ratiba.

Mtaniambia: wewe nawe, hawa ni watoto, waache wafurahi. Nimeambiwa hivyo uso kwa uso, na mratibu mmoja aliyekuwa amechoka, nami namwelewa. Kuvunja kunafurahisha. Mlio wa tambi mia mbili kukatika kwa pamoja hauna mpinzani. Lakini nina shahidi upande wangu. Kambi ya pili tulikuwa na kijana wa miaka 15, familia yake Wakongo, yeye alikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla hawajahamishiwa Marekani. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma kabisa, na alipojua natoka Tanzania aliniganda. Kikundi chake kilikuwa kimejenga daraja zuri, la pembetatu zilizopangwa vizuri, limenyooka. Asubuhi ya mashindano alinifuata.

"Shikamoo kaka. Kwani ni lazima livunjwe?"

Nikamwambia ndiyo mashindano yenyewe, lazima tujue linabeba kiasi gani.

"Lakini si tungejua kama linabeba tunachotaka libebe? Halafu tuliache."

Mtoto huyo, bila kusoma chochote, alikuwa ametaja tofauti kati ya mashindano na uhandisi. Mteja hatuulizi daraja litavunjika kwa kilo ngapi. Anatuambia kitakachopita juu yake, na anataka lidumu. Tukalivunja. Lilishika nafasi ya nne kwa sababu lilikuwa zito.

Kama ningepewa kambi niiendeshe, ningebadilisha kanuni ya alama tu na kuacha tambi zile zile. Kila daraja libebe mzigo uliotajwa, tuseme kilo 5. Likibeba, jaji achukue mkasi akate kipande kimoja, yeye ndiye achague. Daraja likibaki limesimama, alama. Akate cha pili. Usiku wa kuamkia mashindano hayo vijana hawatatafuta cha kuondoa, watakuwa wanaulizana "hiki kikienda, mzigo unapita wapi?", swali ambalo waliochora Silver Bridge hawakulijibu. Na furaha ya kuona vitu vikivunjika inabaki, tena inarefuka, maana kila mkato una presha yake.

Cha pili, ningewabadilishia madaraja. Kikundi A kikabidhi daraja lake kwa kikundi B siku tatu kabla ya mwisho, B wafanye ukaguzi: waandike nyufa, gundi iliyoachia, kipande kilichopinda, wapewe tambi kumi tu za kukarabatia. Tambi kumi, si pakiti. Hapo ndipo vijana wangeanza kujadiliana kama wahandisi wa halmashauri: tuanze na lipi, lipi lisubiri, na nani atasema hadharani kwamba tumeliacha. Na maji! Weka daraja moja usiku kucha karibu na bakuli la maji ya moto, au linyunyizie kidogo tu, kisha lipime. Tambi ikilowa inalainika, na mtoto ataelewa mara moja kwamba adui wa daraja mara nyingi hana uzito wowote.

Tarehe 28 Januari 2022, alfajiri, daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh lilianguka kwenye bonde la bustani ya Frick, na basi refu la abiria likiwa juu yake. Hakufa mtu. Siku hiyo hiyo Rais Biden alikuwa anakwenda mjini humo kuzungumzia, amini usiamini, miundombinu. Daraja lilijengwa kwa chuma cha aina ya pekee ambacho hakipakwi rangi: kinatengeneza tabaka lake la kutu gumu linaloizuia kutu nyingine isiingie ndani. Ila chuma hicho kina sharti moja, kiwe kinalowa na kukauka. Pale Fern Hollow mifereji ya maji ya juu ya daraja ilikuwa imeziba. Maji yakawa yanamwagikia kwenye miguu ya daraja, uchafu na majani yakarundikana na kushika unyevu, chuma hakikukauka, na tabaka la kinga halikupata nafasi ya kujijenga. Kutu ikala bamba la mguu mmoja hadi likashindwa. Wakaguzi walikuwa wameliandika tatizo hilo kwenye ripoti zao, mwaka baada ya mwaka, wakapendekeza mifereji isafishwe na sehemu zilizoliwa zirekebishwe. Mamlaka ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilisema waziwazi kwamba chanzo kilikuwa jiji kutoyafanyia kazi mapendekezo hayo.

Koleo na reki. Daraja lile lilihitaji, kwa miaka yake mingi, mtu mwenye koleo na reki. Sasa niambie, ni kambi ipi iliyowahi kumpa kijana koleo na kumwambia huu nao ni uhandisi? Marekani ina madaraja zaidi ya 600,000. Chama chao cha wahandisi ujenzi, ASCE, kilipotoa tathmini ya miundombinu ya nchi mwaka 2025, jumla ilikuwa daraja la C, na hiyo ilihesabiwa ni maendeleo. Wengi wa vijana wanaopita kambi hizi, wakibaki kwenye fani, hawatajenga daraja jipya la kuvutia. Watakagua, watapima kutu, wataandika ripoti na kumshawishi meya. Kambi inawaajiri kwa picha ya kazi moja ili waje wafanye nyingine. Hata kama hujali usalama wa madaraja, hiyo ni njia mbaya ya kuajiri.

Kuhusu nani anaingia kambini nitapita haraka. Kutolipisha ada ni jambo kubwa, na programu ya serikali inastahili pongezi kwa hilo. Lakini kijana anayefanya kazi likizo nzima ili kusaidia kodi ya nyumba hawezi kulala chuoni wiki mbili, hata kama chakula ni cha bure. Yule mdogo wangu wa Nyarugusu alikuja kwa sababu mama yake alikubali kupoteza mtu wa kukaa na wadogo zake. Na lingine: ziara za barabara kuu zingekuwa na uzito zaidi kama vijana wangeambiwa barabara ilipita juu ya nini. Pale Saint Paul, I-94 ilikata katikati ya mtaa wa Rondo, moyo wa jamii ya Wamarekani weusi mjini humo, nyumba na maduka yakabomolewa. Huwezi kulifundisha swali la "barabara ipite wapi" kama hesabu ya kona na miteremko peke yake.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wazo la kambi linakuja huku. Nimeulizwa na wenzangu zaidi ya mmoja tunaweza kuiga vipi, na mmoja tayari alikuwa na orodha ya vifaa, tambi zikiwa namba moja. Tuige. Lakini tusiibebe fomula ilivyo. Sisi nasi tuko kwenye msimu wa kufungua vikubwa: daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025, na kijana wa Mwanza ana haki ya kulitazama na kutamani kuwa mhandisi. Litahitaji watu wa kulitunza muda mrefu baada ya sherehe kusahaulika, na watu hao leo wako kidato cha pili.

Vifaa vya somo hilo tunavyo kwa wingi kuliko Wamarekani. Kila aliyepanda basi la mkoani amesimama kwenye mizani ya magari na kulalamika. Nyuma ya foleni ile kuna fizikia: majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara unaongezeka takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye uzito mara mbili haiharibu mara mbili, inaharibu kama mara 16. Kijana akishalijua hilo, kituo cha mizani hakitakuwa tena mahali pa kupotezewa muda tu. Na mtu wa Dar hahitaji kuelezwa Jangwani inavyokuwa mvua zikizidi, barabara ya Morogoro inapofungwa na mji kukatika vipande viwili. Bonde lile lina sababu nyingi kuliko mitaro kuziba, lakini anzia kwenye mtaro ulio nje ya shule, upime upana na kina chake, ukadirie maji ya paa zinazouzunguka, uone kama unatosha hata ukiwa safi. Kisha pima tena ulivyo leo, na mchanga na chupa zake ndani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni hesabu ya kidato cha tatu.

Tena likizo yetu ya Juni inakuja mara tu baada ya masika. Alama za maji zinakuwa bado ziko ukutani, na mchanga uliozoa mtaroni haujaondolewa. Kwa anayetaka kuanza, gharama ni futi kamba, daftari, buti na mtu mmoja wa halmashauri atakayekubali kuja kujibu maswali. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata kuliko tambi.